Upande wa ndani wa kofia: kisa cha wifi yangu aliyeacha kushona miezi minane

Kofia ya tisa ya wifi yangu iliingia kabatini baada ya Maulidi, katika Mfungo Sita, na haikutoka mpaka Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Miezi minane. Ramadhani nzima ilipita, zile saa za baada ya alasiri ambazo miaka yote alizitumia kushona huku futari ikiiva jikoni, na kofia haikuguswa. Hakuumwa, hakusafiri, na macho yake ni mazima. Alichokuwa nacho ni simu iliyojaa picha za kofia za wenzake.

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, bila ya jina lake. Mimi ni mke wa kaka yake, na jioni nafundisha kina mama kushona kwa cherehani, kwa hiyo nimeshawaona wengi wakiitupa kazi ya mikono kwa sababu hiihii. Wengi hawasemi. Husema wamekosa muda, na mtu unanyamaza kwa sababu muda kweli hautoshi. Yeye alisema, ingawa alichelewa.

Kwanza kofia yenyewe, kwa msomaji aliyezoea kuivaa tu. Bulibuli, kofia ya viua, uzuri wake uko kwenye matundu. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa vipande viwili, duara la juu na utepe mpana unaozunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwa penseli. Kisha kitundu kimoja kimoja hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi, mshono baada ya mshono, mpaka kikae wazi na kisizibe tena hata kofia ikifuliwa mara ngapi. Hicho ni kiua kimoja, na kofia moja ina viua mamia kwa mamia. Kwa viua hivyo hewa inapita, na mwanamume anashinda nayo kichwani katika joto letu bila kuivua. Ikimalizika hufuliwa, hutiwa kanji, na huwambwa juu ya kitu cha mviringo ikaukie katika umbo lake. Mtu anayeshona kwa kuibia saa, baada ya kazi na watoto, huchukua miezi mingi kumaliza moja.

Wifi yangu ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, ana miaka arobaini na mbili. Alifundishwa na bibi yake mzaa mama, na mpaka mwanzo wa kisa hiki alikuwa ameshona kofia nane katika miaka kumi na tisa. Hakuuza hata moja. Ya kwanza ilikuwa ya baba yake. Mume wangu alioa na ya tatu kichwani. Kila kofia ilianza na mtu. Alimpima kichwa kwa uzi, akakata kitambaa kwa kipimo hicho, na kwa miezi ile yote alijua anamshonea nani.

Halafu binamu yao aliyeko Maskati akafungua kundi la WhatsApp la wanawake wa ukoo wanaoshona. Alikuwa na nia njema kabisa. Ukoo wao umetawanyika kama koo nyingi za hapa: wapo waliovuka bahari baada ya Mapinduzi ya 1964, na wapo waliofuata baada ya Sultan Qaboos wa Oman kushika madaraka mwaka 1970. Kule kofia yetu huitwa kumma, na ni vazi la mwanamume la kila siku. Wanaohitaji ni wengi kuliko mikono ya kushona, kwa hiyo soko la huko limejaa kofia za mashine, na pia za mkono kutoka Bangladesh, ambako wanawake wa vijijini huzishona kwa malipo kwa ajili ya soko hilohilo. Nalitaja mapema kwa sababu picha zilizokuwa zikiingia kundini zilikuwa za kila namna: kofia walizoshona wenyewe, kofia walizoziona dukani, kofia walizotumiwa na marafiki. Kwenye kioo cha simu zote zilikuwa na ukubwa mmoja, na hakuna iliyosema imechukua siku ngapi wala imepita mikono mingapi.

Humo kundini mlikuwa na mtoto wa shangazi yao, binti wa miaka ishirini na saba anayeishi Mombasa. Kila baada ya wiki tatu au nne alileta kofia iliyokamilika, imekwishatiwa kanji, imepigwa picha kwenye mwanga mzuri. Chini yake zinamiminika mashaallah. Wifi yangu naye alileta picha ya utepe wake, kipande kilichofika nusu. Akapata mashaallah tisa. Ya binti iliyoingia siku mbili baadaye ilipata arobaini na moja. Hizo hesabu alinitajia bila kusita, na ilikuwa karibu mwaka umepita. Mwalimu huyu hakumbuki alama za mitihani ya watoto wake wa kuwazaa, lakini arobaini na moja aliikumbuka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa hatua ndogo ndogo, na naomba msomaji azitazame, kwa sababu hakuna iliyoonekana mbaya ilipokuwa inatokea. Kwanza alibadilisha nakshi. Utepe ulikuwa umechorwa muundo aliorithi kwa bibi yake, viua vilivyobanana sana, kazi ya taratibu. Akaufuta sehemu iliyobaki, akachora muundo wa nafasi nafasi unaofanana na wa Mombasa. Kanga zimetuambia siku nyingi tusisafirie nyota ya mwenzio, na hapa palikuwa ndipo. Pili, alihamisha saa ya kushona. Badala ya alasiri mlangoni, kwenye mwanga wa jua, akaanza kushona baada ya isha chini ya taa, ili apate saa nyingi zaidi. Tatu, akaanza kufumua. Alikuwa akishona safu, anaichukua simu, anaitazama picha, anairudia safu yake, anaifumua. Kitambaa cha pamba kikitobolewa na kufumuliwa mara mbili mahali pamoja kinalegea, na kiua kinachofuata hakikai. Kwa hiyo safu zilizofumuliwa zilitoka mbaya zaidi kuliko zilipokuwa, na ubaya huo ukawa ushahidi kwamba hajui. Nne, kabati.

Miezi minane hakumwambia mtu. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na nadhani ni sehemu ya kisa ambayo watu wa kwetu wanapaswa kuikubali. Kwetu mtu akisema "picha za fulani zinaniumiza", tunasikia kijicho. Tunasikia roho mbaya. Mashekhe wanatufundisha kutofautisha husuda na ghibta: husuda ni kutamani neema imwondoke mwenzio, na ghibta ni kuitamani na wewe bila ya kumtakia aipoteze. Wifi yangu hakuwa katika moja wala nyingine. Hakutaka kofia za binti zipungue, na hakuzitamani. Aliniambia hata mmoja wa kumvisha zile asingempata. Alichokuwa nacho ni kuona mikono yake mwenyewe haina thamani. Jambo hilo halina jina katika mazungumzo yetu ya barazani, na kwa kukosa jina alijihukumu kwa jina lililokuwepo. Alidhani ni hasidi. Akawa anamwombea binti dua kila akimaliza sala, na kofia ikawa palepale.

Aliponieleza hatimaye, nilikosea mara mbili.

Mara ya kwanza nilimwambia: "Wifi, yako nzuri kuliko zake." Nilimaanisha. Lakini nilikuwa nimeichukua mizani ileile iliyomuumiza na kuegemeza mkono wangu upande wake. Jioni ile alirudi kuzitazama picha za binti ili ahakikishe kama nimesema kweli, akakuta viua viwili vilivyokaa vizuri kuliko vyake, na hali ikawa mbaya kuliko asubuhi. Tangu siku hiyo maneno hayo siyasemi darasani kwangu. Mama akiniletea gauni na kuuliza kama limefikia la jirani yake, namwuliza zipu ilimsumbua wapi.

Mara ya pili nilimshauri ajitoe kundini. Akajitoa. Wiki mbili baadaye mzee mmoja wa ukoo alifariki, taarifa ikapita kundini kwa sababu kundi lilikuwa limeshakuwa la kila kitu, na yeye akafika msibani siku ya pili akiulizwa alikuwa wapi. Akaomba arudishwe. Ushauri wa "achana nao" unatolewa rahisi sana na watu ambao hao "wao" si shangazi zao.

Nikaenda kusoma. Mwaka 1954 Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika nadharia ya kujilinganisha kijamii, na mawili kati ya aliyoyasema yalinifungua macho kuhusu kofia hii. Moja, kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake umefika wapi, na pale anapokosa kipimo cha wazi kisichotegemea watu, hujipima kwa watu. Jingine, kwamba kadiri mwenzio alivyo mbali nawe kwa uwezo, ndivyo hamu ya kujipima naye inavyopungua. Hilo la pili lilieleza jambo nililokuwa silielewi: kofia za mafundi wakubwa wa Lamu, ambazo wifi yangu amezishika kwa mikono yake na kuzisifu, hazikumnyima usingizi hata usiku mmoja. Aliyemnyima ni mtoto wa shangazi yake, damu moja, muundo wa karibu, bibi wale wale. Na la kwanza lilieleza kwa nini mwalimu mwenye heshima yake kazini alianguka kwenye kofia. Skuli kuna mtihani, kuna mtaala, kuna mkaguzi. Kofia isiyouzwa haina hata bei ya kukuambia kitu. Ina mwenye kichwa tu, na yeye hushukuru vyovyote iwavyo.

Nikafikiri basi dawa ni kumwonyesha kwamba kile anachojipima nacho si sawa naye. Nikampigia binti wa Mombasa, nikamwuliza tu anashonaje. Alinieleza kwa moyo mweupe, hakuna alichoficha, ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Ananunua vitambaa vilivyokwishachorwa. Jirani mmoja anashona duara, mwingine anashona utepe, yeye anaunganisha, anafua, anatia kanji na kutafuta wateja. Wote wanalipana. Ni biashara halali na ya heshima, imewapa kipato wanawake watatu, na mimi namwombea ipanuke. Lakini kofia moja kwa wiki tatu ilikuwa ni mikono ya watu watatu wanaoshinda kutwa, dhidi ya mwalimu mwenye saa moja ya alasiri.

Nilimpelekea wifi yangu habari hiyo nikiamini nimemaliza kazi. Akasikiliza, akafurahi siku moja. Kesho yake akaniambia kuna mwengine kundini, wa Pemba, huyo anashona peke yake.

Hapo nikaelewa kwamba kumtoa mtu mmoja kwenye mizani hakuiondoi mizani.

Kilichofungua njia hakikutoka kwangu. Jirani yetu, bibi mmoja aliyeshona kofia maisha yake yote na sasa macho yamemchoka, alimwita wifi yangu amtungie uzi kwenye sindano. Akaenda. Walipokuwa wamekaa mkekani bibi akamwuliza, "Na wewe yako iko wapi?" Akasema ipo nyumbani, imeharibika. "Ilete niione ilivyoharibika, mwanangu."

Bibi hakuitazama kwa nje. Aliigeuza ndani nje, akaisogeza karibu na uso, akapitisha kidole taratibu kwenye utepe kana kwamba anasoma. Wanaoshona wanajua: nje ya kofia kila kitu kinaweza kufichwa na kanji na pasi, ila ndani kunabaki mafundo, uzi uliorukishwa kutoka kiua hiki hadi kile kwa uvivu wa kukata na kuanza upya, mahali mkono ulipokaza na mahali ulipolegea. Bibi akasimamisha kidole. "Hapa ulikuwa umekaa," akasema. Akasogea mbele vidole vinne. "Hapa ulikuwa unakimbia. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Mahali pale, alipoirudia nyumbani kwa utulivu, palikuwa ndipo alipofuta nakshi ya bibi yake.

Akaniomba nimwazime ile kofia ya tatu, ya mume wangu, iliyovaliwa mpaka imelainika. Akazigeuza zote mbili ndani nje, akaziweka juu ya meza mlangoni, akahesabu viua vinavyoenea kwenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Kofia ya tatu: vitatu, safu zote. Kofia ya tisa: vitatu, vitatu, vitatu, kisha viwili, kisha viwili vilivyopishana. Hakuna aliyemwambia kitu. Kitambaa kilikuwa kimeandika chenyewe. Mikono yake ilikuwa inajua kazi, na ilikuwa imeshonea mbio za mtu mwingine kwa muda wa vidole vinne hivi. Huyo Festinger angesema alipata kipimo kisichotegemea watu. Mimi nasema alijilinganisha, tena kwa ukali sana, ila safari hii kwa kofia yake mwenyewe, na huzuni aliyoipata pale ilikuwa na kazi ya kufanya.

Hapa naweka msimamo wangu, ambao unatofautiana na ushauri wa siku hizi. Kumwambia mtu anayeshona asijilinganishe kabisa ni kumwambia asijifunze. Sote tumejifunza kwa kutazama mkono wa mwenzetu. Ila kuna kutazama kwa karibu na kutazama kwa mbali. Ukikaa mkekani ubavuni mwa mtu anayekushinda, unaona anavyoshika sindano, unamsikia akiguna anapokosea, unaona anafumua, unaona na ndani ya kofia. Unaondoka na kitu cha kujaribu. Picha inakupa nje peke yake, mwisho peke yake, bila ya mguno wala fundo, na wewe unailinganisha na ndani yako. Wifi yangu alienda kwa bibi kila Ijumaa alasiri kwa muda wa miezi miwili. Bibi anamshinda kwa umbali usiosemeka, na hakutoka pale hata siku moja akiwa ameinama.

Tena bibi alimfundisha jambo la ufundi ambalo kundi la simu lisingeweza kulifundisha: kwamba alikuwa anaukaza uzi mno kwenye nusu ya pili ya mzunguko, kwa sababu mkono unakuwa umeshachoka kukunjika, na ndiyo maana viua vyake miaka yote vilikuwa na umbo la yai kidogo. Dawa yake ni kuizungusha kofia badala ya kuuzungusha mkono. Miaka kumi na tisa hakuna aliyeliona hilo, na yeye mwenyewe hakuliona, kwa sababu huwezi kuliona mpaka mtu awe amekaa kushoto kwako.

Sasa anavyofanya. Kofia ya kumi aliianza kwa ajili ya mtoto wa kaka yake mkubwa, anayeoa. Alimpima kichwa kwa uzi kama zamani. Kila mwanzo wa mwezi mwandamo anapitisha mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye ukingo wa utepe, sehemu itakayokunjwa, kuonyesha alikuwa amefika wapi; siku ya kuunganisha huitoa. Akitaka kujua kama anasonga mbele, hutazama nafasi kati ya uzi mwekundu na uzi mwekundu. Simu hukaa chumba cha ndani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Na picha ya kofia haiendi kundini mpaka kofia iwe kichwani kwa mwenyewe. Sharti hilo alilibuni yeye, na naliona la busara kuliko yote, kwa sababu mashaallah zikija zinamkuta bwana harusi ameshaivaa na kazi imekwishapokelewa na aliyeshonewa.

Sisemi amepona. Ilipofika Mfungo Sita uliofuata, watu wanatafuta kofia za Maulidi na kundi limechemka kwa picha, alinipigia usiku akaniambia anataka kufumua safu mbili. Nilimwuliza zina viua vingapi kwenye ukucha. Akaenda kuzihesabu. Vitatu. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, akasema atalala.

Binti wa Mombasa alikuja Idi. Walikaa wote wawili mlangoni, kila mmoja na kazi yake, na kwa mara ya kwanza wifi yangu akazigeuza ndani nje kofia za yule binti. Alikuta mikono miwili tofauti, duara limekazwa na utepe umelegea, na kazi nzuri sana ya kuunganisha baina yake, mshono ambao hata bibi aliusifu alipoonyeshwa. Akamwomba amfundishe huo mshono wa kuunganisha. Walimaliza siku nzima nao.

Kofia ya tisa haijamalizwa. Bibi alishauri zile safu zifumuliwe kwa uangalifu na kitambaa kitiwe kanji kabla ya kutobolewa upya, na inawezekana. Wifi yangu amekataa. Ipo kabatini, imegeuzwa ndani nje, na amenambia hana haja ya kuimaliza.